Korija tatu kila muhula: Familia ya Mombasa katika mikoko ya Mida

Maji hujaa mara mbili kwa siku katika hori ya Mida, na hayamngoji abiria aliyecheleweshwa na matatu.

Familia moja kutoka Mombasa iling'amua hilo Jumamosi moja ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Walikuwa wanne: baba, mama, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Baba alikuwa amepatana kwa simu na kiongozi wa mashua wakutane ufukweni saa saba mchana. Siku hiyo maji yalikuwa yajae saa nane. Mpango ulikuwa waingie mikokoni pamoja na maji yanayopanda, wazunguke yakiwa yametulia, kisha warudi kabla ya saa kumi.

Lakini matatu ya Malindi ilikaa stejini ikisubiri abiria, ikasimama Mtwapa, ikasimama Kilifi, ikamshusha huyu na kumpandisha yule. Familia ilishuka Mida saa tisa kasorobo. Walipofika ufukweni kwa tuktuk, mchanga uliokuwa chini ya maji ulikuwa umeanza kuonekana, umelowa na kung'aa.

Kiongozi, mwanamume wa makamo aliyekuwa amekunja suruali hadi magotini, alitazama alama ya maji kwenye nguzo za gati, kisha akawatazama watoto.

"Twaweza kwenda, ila si mbali," alisema. "Na nikisema turudi, ni kurudi. Hapo hakuna mazungumzo, kaka."

Baba alikubali haraka. Mama alichukua muda zaidi.

Mkono wa bahari

Mida iko Kaunti ya Kilifi, karibu kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Anayeelekea Malindi huuona msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto wa barabara. Upande wa kulia, nyuma ya minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo, bahari imeingiza mkono wake nchi kavu hadi karibu na vijiji vya Mida na Dabaso. Mdomo wa hori uko upande wa Watamu na ni mwembamba, lakini ndani pamepanuka, na mikoko imeuzunguka ukingo karibu wote.

Hakuna mto unaomwaga maji katika hori hii. Maji baridi hupenya chini kwa chini kutoka bara, kupitia mawe ya matumbawe. Ndiyo sababu maji ya Mida ni maangavu kuliko ya mikoko iliyo kwenye midomo ya mito mikubwa, kama vile Tana au Rufiji, ambako mto huja na tope lake. Hori imo katika eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO ililiingiza eneo la Malindi na Watamu katika orodha yake ya hifadhi za biosfia duniani.

Kenya ina takriban hekta 60,000 za mikoko, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Kwa mzazi wa Mombasa, hata hivyo, Mida ni mahali ambapo anaweza kwenda na watoto na kurudi siku hiyo hiyo, akijipanga vizuri. Familia hii haikuwa imejipanga vizuri.

Jaketi la mtoto

Kabla ya kupanda, mama aliuliza kuhusu jaketi za kuokoa maisha. Zilikuwepo, lakini zote zilikuwa za watu wazima. Alipomvisha kijana mdogo mojawapo, ilipanda hadi masikioni, na mama alipoivuta kwa juu ilimtoka kichwani bila taabu.

"Hii ikiwa majini, itabaki yenyewe juu na mtoto atakuwa chini," mama alisema. "Hapandi nayo."

Kiongozi hakubishana. Alimtuma kijana kwa mwenye mashua ya jirani, akarudi na jaketi ndogo yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Shughuli hiyo ilichukua dakika kumi, na maji yaliendelea kushuka. Mama alizitumia dakika hizo bila kujuta.

Mtoto mwenyewe hakutaka kupanda. Alikuwa ameshika kanga ya mamake kwa mikono miwili. Mashua ilikuwa ndogo, ya mbao, isiyo na injini, inayosukumwa kwa pondo. Kiongozi alichuchumaa mbele yake.

"Bwana mdogo, mimi nikisukuma siwezi kuhesabu. Nataka mtu wa kunihesabia kaa. Utaweza?"

Kijana alifikiri. "Mpaka ngapi?"

"Mpaka uchoke."

Akapanda, akaketi katikati ya miguu ya mamake, na macho yake hayakutoka kwenye ukingo wa mashua.

Miti yenye majina

Watu wengi husema "mikoko" kwa kila mti unaomea ndani ya maji ya chumvi. Watu wa Mida hawasemi hivyo. Kenya ina aina 9 za miti ya namna hii, na pwani kila mmoja una jina lake na kazi yake. Kiongozi aliwataja kwa ncha ya pondo kadiri mashua ilivyopita.

Mbele kabisa, panapoingia maji mengi, husimama mlilana. Mbao zake zilizopinda zilikuwa zikitafutwa na mafundi wa vyombo kwa ajili ya mataruma ya jahazi. Mizizi yake ya kupumulia, minene na myepesi, wavuvi waliichonga kuwa maboya ya nyavu. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka shinani na kuinama hadi topeni kama miguu ya buibui. Kisha kuna muia, mkandaa na mkomafi, na pembeni kabisa, karibu na nchi kavu, mchu.

Aliichuma jani la mchu akampa binti. "Lilambe kwa chini."

Binti alilamba, akakunja uso. "Chumvi!"

"Mti huu hunywa maji ya bahari kama mingine, kisha chumvi huitoa kwa majani. Jua likiwa kali utaiona kama vumbi jeupe."

Kwenye mkoko aliwaonyesha kitu kirefu cha kijani, chembamba kama rula, kinachoning'inia chini ya tawi. Kilikuwa mche tayari. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Ikikomaa, mche hudondoka. Maji yakiwa yamepwa, huweza kuchoma tope na kusimama papo hapo. Maji yakiwa yamejaa, huelea na kuchukuliwa na mkondo, hata siku nyingi, hadi utakapogusa mahali pa kushika.

"Yaani mti unazaa mtoto," binti alisema.

"Unazaa mtoto anayejua kusimama," kiongozi alijibu.

Maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kuonyesha tope chini ya miti, na kijana mdogo alipata kazi yake. Kaa wadogo, kila dume likiwa na gando moja kubwa na jingine dogo, walikuwa wakipunga kana kwamba wanaita tuktuk. Samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa walikuwa wakirukaruka juu ya tope kama vyura. Alifika 37, akapoteza hesabu, akaanza upya bila kuambiwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshaachia kanga.

Kiongozi aliwaeleza kwamba kati ya mizizi ile ndimo kamba na vichanga vya changu na tasi wanamokulia, kwa sababu samaki wakubwa hawawezi kupenya. Mvuvi wa bahari kuu huenda asiingie mikokoni hata siku moja, lakini samaki wake wamepitia humu.

Visiki

Walipokata kona ya pili walifika mahali palipo wazi. Maji yalikuwa ya kina cha goti, na juu yake vilikuwa vimechomoza visiki vyeusi, vingi, vimekaribiana. Maji yalivyoendelea kushuka, vingine viliibuka.

"Nani aliikata?" binti aliuliza.

Kiongozi hakujibu. Baba naye alikuwa ameangalia upande mwingine.

Binti yuko katika klabu ya mazingira shuleni, na jibu alikuwa nalo mwenyewe. "Mwalimu alituambia wanaokata mikoko ni watu wabaya wasiowafikiria watoto wao."

Mashua ilienda kidogo bila mtu kusema neno. Kisha baba akasema, "Tulikuwa tukimfikiria mtoto. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi."

Aliwaeleza akiwa bado anatazama visiki. Alizaliwa kijiji kisicho mbali na hapo. Babu yao hakuwa na mashua wala shamba la kutosha. Alikuwa na shoka. Baba alipoanza sekondari, kila likizo waliingia wote wawili mikokoni. Walikata maji yakiwa yamepwa, wakafunga miti mafungu, na maji yalipojaa wakayavuta mafungu hadi mahali pa kupakia, mara nyingi usiku, kwa kuwa kibali hawakuwa nacho. Mnunuzi alikuja na lori. Miti iliuzwa kwa korija, na kila unene ulikuwa na jina na bei yake: fito, pau, boriti, nguzo. Korija tatu za boriti kila muhula ndizo zilizolipa karo, na kilichosalia kilinunua daftari.

"Mbona hujawahi kutuambia?" binti aliuliza.

Baba hakuwa na jibu la upesi. Mama naye, aliyekaa na mume huyu miaka 14, alikuwa akiyasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza. Alijua mumewe alisomeshwa kwa taabu. Hakujua taabu yenyewe ilikuwa na umbo la kisiki.

"Babu yenu alikuwa akisema mti utamea tena, lakini muhula ukipita haurudi," baba alisema hatimaye.

Hapo kiongozi alichomeka pondo topeni, mashua ikasimama. "Mimi nami nilikata," alisema. "Nimekata hadi nilipooa. Kwa hiyo simsemi mtu. Lakini mtoto ameuliza, naye apate jibu lililo kamili."

Aliwaonyesha kisiki cha mchu kilichokuwa pembeni. Kilikuwa kimechipua matawi manne membamba, yenye majani. Kisha akakigonga kwa pondo kimojawapo cha vile vyeusi, kikatoa sauti ya ukavu. Mchu ukikatwa huchipua. Mkoko ukikatwa chini ya majani yake hauchipui. Hufa palepale, na mahali pake hapapati mti hadi mche mwingine uletwe na maji au na mtu. Na mahali palipokatwa pote kwa wakati mmoja hukosa mti mama wa kudondosha miche. Jua huchoma tope, chumvi huzidi, na hata miche inayoletwa na maji hupata taabu ya kushika.

"Huchukua muda gani kufika boriti?" binti aliuliza.

"Miaka zaidi ya 10. Mahali kama hapa, hata 15."

Kisha akawaelekeza macho nyuma ya visiki. Kulikuwa na mistari ya mikoko michanga, mingine ya kimo cha kijana mdogo, mingine majani manne tu. Ilikuwa imepandwa na watu wa vijiji. Baadhi ya mistari ilikuwa na mapengo, maana si kila mche unaopandwa hushika.

"Korija ni ngapi?" binti aliuliza.

"Ishirini," baba alisema.

Binti akatazama vidole vyake, midomo ikicheza, kisha akanyamaza.

Kama wangefika saa saba kama walivyopatana, visiki vile vingekuwa chini ya maji.

Saa ya tatu

Saa kumi na nusu kiongozi alisema turudi, na hakuna aliyebisha. Alikuwa amewaeleza mapema namna maji yanavyotoka. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, lakini maji hayaondoki kwa kasi moja. "Saa ya kwanza huaga. Saa ya pili hutembea. Saa ya tatu na ya nne hukimbia." Mwezi ulikuwa umebakisha siku mbili tatu kuandama, bamvua lilikuwa likikaribia, na maji ya bamvua katika pwani hii huweza kushuka zaidi ya mita tatu. Maji yalikuwa yamejaa saa nane. Sasa yalikuwa yakikimbia.

Katika kona ya kwanza mashua ilikwama.

Kiongozi alisukuma kwa pondo, ikazama topeni bila kusogeza chombo. Kijana mdogo aliona nyuso za wakubwa, akakamata tena kanga ya mamake na kuanza kulia. Mama alimfunga mikono, akamwambia ukweli: maji ni machache, si mengi, mashua imekaa chini, haiendi popote, hapa hata yeye angesimama.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Yangekufika kiunoni."

Baba alivua viatu vyake vya ngozi, akakunja suruali, akashuka. Binti aliyezoea kumwona babake akitoka asubuhi na shati lililopigwa pasi alimwona akitembea topeni kama mtu aliyewahi kuishi humo. Hakukanyaga tope, alikanyaga mzizi, akahamia mzizi mwingine. Alijua mahali pa kushika mashua na lini asukume. Alihesabu moja, mbili, tatu pamoja na kiongozi, na mashua ikateleza hatua tano, ikakwama, ikateleza tena. Mara ya nne iliingia maji ya kina.

Alipopanda, wayo wa mguu wa kushoto ulikuwa ukitoka damu. Chaza walioganda kwenye mizizi ya mkoko wana makali kama ya wembe, na hilo alikuwa amelisahau. Mama aliufunga mguu kwa leso.

"Tungepata kukwama hapo hadi usiku?" mama alimuuliza kiongozi kwa sauti ya chini.

"Tungepata kukwama hadi maji yarudi, mama. Maji yangepwa saa mbili usiku, kisha yaanze kupanda." Hakuongeza neno, wala hakuwa na haja.

Walipofika hori pana, jua lilikuwa linashuka upande wa Arabuko-Sokoke. Ndipo keremkerem walipoanza kuja, wale ndege wekundu wanaokula nyuki, ambao hukaa pwani hii miezi ya kaskazi. Walikuja kwa makundi kutoka upande wa msitu, makumi kwa makumi, wakazunguka juu ya mikoko na kutua kulala. Kijana mdogo aliacha kulia, akainuka kuwahesabu. Mama alimvuta chini kwa mkanda wa jaketi, lakini alimwacha ahesabu.

Karo ya miti iliyosimama

Usiku huo walilala kwa shangazi yao, Gede. Shangazi aliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaosha jeraha la ndugu yake kwa maji ya chumvi ya moto, akacheka alipoambiwa limetoka wapi. "Huyu? Enzi zile alikuwa akienda bila viatu na harudi na mchubuko. Amelainika." Binti alimuuliza kama ni kweli kuhusu korija. Shangazi aliacha kucheka. Alisema ni kweli, na kwamba yeye mwenyewe hakwenda sekondari kwa kuwa korija hazikutosha wawili.

Asubuhi walitembea hadi magofu ya Gede, mji wa mawe ulioishi watu tangu karne ya 12 hadi ya 17, na ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Binti alipima chumba kwa hatua. Kilikuwa kirefu lakini chembamba sana. Vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili, Gede kama Lamu, vina upana huo kwa sababu moja: paa zito la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti. Kwa karne nyingi majahazi yalizibeba boriti hizo hizo hadi Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni haba. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje ya nchi.

Kabla ya kupanda matatu walirudi Mida kupita kwenye daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, lenye urefu wa zaidi ya mita 200, ambalo humfikisha mtu kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Wakati wa maji kupwa, tambarare ya mbele yake hujaa ndege wa kigeni, wakiwemo weupe na weusi wenye midomo minene wanaokula kaa, ambao huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni na huja huku baada ya hapo. Ada inayolipwa hapo imekuwa ikichangia karo ya sekondari ya watoto wa familia zinazoishi karibu na hori na msitu, kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya.

Baba alisoma maelezo hayo kwenye ubao mara mbili. Mikoko ile ile iliyomsomesha yeye kwa kulala chini ilikuwa ikisomesha wengine ikiwa imesimama. Alilipa ada ya watu wanne, akaongeza kidogo, na hakusema kitu.

Mzazi ajipange vipi

Jambo la kwanza ni maji. Mzazi amuulize kiongozi saa ya maji kujaa siku hiyo, na apange kufika saa moja kabla. Saa hiyo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya Jumamosi hii si ya Jumamosi ijayo. Siku za bamvua, katika pwani hii, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Anayetoka Mombasa kwa matatu aondoke mapema kuliko anavyodhani inafaa. Daraja la mbao ndilo la kwenda maji yakiwa yamepwa.

La pili ni jaketi. Auliza kwa simu, kabla ya kusafiri, kama kuna za kimo cha mtoto wake, na azijaribu kabla ya kulipa. Jaketi inayomtoka mtoto kichwani ikivutwa si jaketi yake. Chombo kikikosa za watoto, watoto wabaki daraja la mbao, ambako wataona kaa na ndege wale wale.

La tatu ni viatu. Raba kuukuu za kufunga kamba zinatosha. Ndara hubaki topeni, na mguu mtupu hukutana na chaza. Kofia, maji ya kunywa na nguo ya kubadilisha visisahaulike, na dawa ya mbu kwa anayebaki hadi jioni.

Bei na ada hubadilika, kwa hiyo apatane kabla ya kupanda: ni kwa mtu au kwa mashua, kwa saa ngapi, na kama ada ya hifadhi imo ndani. Anayetaka kula hapo hapo atapata mkahawa wa jumuiya ya Dabaso, Crab Shack, uliojengwa juu ya nguzo kati ya mikoko na unaojulikana kwa sambusa zake za kaa.

Na kiongozi akisema turudi, warudi.

Hesabu ya njiani

Katika matatu ya kurudi Mombasa, kijana mdogo alilala kabla ya kufika Kilifi. Binti alikuwa na daftari lake mapajani. Ukurasa wa mwisho aliandika: korija 3, mara 20, mara mihula 3, mara miaka 4. Chini yake alipiga mstari na kuandika 720.

Alimwonyesha babake. Baba aliitazama hesabu, akatafuta kosa, hakuliona.

"Mjomba alisema vikundi hupanda zaidi mvua za Aprili zikianza," binti alisema. "Nasi tutakuwa likizo." Alitazama tena daftari. "Lakini mia saba na ishirini ni mingi kwa likizo moja."

Baba alisogeza mguu uliofungwa leso, akatazama nje kwenye mashamba ya mkonge.

"Tutaanza na korija moja," alisema.